Lochi Mwenye Tumbo: Amenenepa au Ana Mayai?

Asanteni sana, ndugu zangu. Mada niliyopewa ni utunzaji wa lochi, samaki hawa wa mapambo tunaowafuga kwenye matangi, kwa ujumla, lakini mnanijua, nitaanza na tumbo na huenda nikaishia hapo hapo. Kila wafugaji wa samaki wa mapambo wanapokutana, swali ninaloulizwa ni lile lile: lochi wangu ana tumbo kubwa, je, amenenepa au ana mayai? Na karibu kila anayeniuliza amekwisha kuchukua hatua kabla hajauliza. Amemnyima samaki chakula, au amemwaga chumvi ndani ya tangi, au ametia dawa ya kwanza aliyopewa dukani. Hilo ndilo linaloniuma. Swali ni zuri na lina jibu, ila jibu lake hupatikana kwa kutazama, na watu hawataki kutazama.

Leo namchukua lochi wa Kuhli, yule mrefu mwembamba mwenye mikanda ya kahawia na manjano, kwa sababu wengi wenu mnaye. Jina la kitaalamu ni Pangio kuhlii, kwa kumkumbuka Heinrich Kuhl, mtaalamu wa Kijerumani aliyefia Java mwaka 1821 akiwa na miaka 23 tu. Wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni ndugu yake wa karibu, Pangio semicincta, lakini kwa shughuli yetu ya leo ni mamoja. Kwao ni Kusini-Mashariki mwa Asia, kwenye maji ya taratibu yenye majani yaliyooza chini. Ndiyo maana mchana hujificha na usiku ndio hutoka.

Kwanza kabisa, usimtoe kwa wavu. Chini ya kila jicho ana mwiba mdogo ambao huusimamisha akishtuka, nao hunasa kwenye nyuzi za wavu. Ukivuta unamrarua uso. Chukua jagi la plastiki linaloonyesha, lizamishe, mwelekeze taratibu hadi aingie mwenyewe. Fanya hivyo asubuhi, kabla hujampa kitu, maana usiku wa jana kala, na ukimtazama akiwa ameshiba utakuwa unatazama chakula.

Akishakuwa ndani ya jagi, mwangalie kutoka juu. Narudia, kutoka juu. Sote tumezoea kutazama samaki kwa ubavu kwa sababu kioo kiko ubavuni, na kwa ubavu kila tumbo huonekana tumbo. Kwa juu mambo hubadilika. Lochi mnene amejaa tangu nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia. Mgongo umepanuka, mwili wote umeongezeka, na unene unapungua kidogo kidogo kuelekea nyuma. Jike mwenye mayai hana sura hiyo. Kichwa ni kile kile chembamba, sehemu inayofuata kichwa ni nyembamba, halafu katikati ya mwili anapanuka ghafla, kulia na kushoto sawasawa. Ukifika usawa wa pezi la mgongoni, ambalo kwa samaki huyu liko nyuma sana, anakuwa mwembamba tena.

Kisha washa tochi. Ngozi ya tumbo la Kuhli ni nyepesi, na pale mikanda inapoishia inapitisha mwanga. Weka tochi upande wa pili wa jagi, mmulike ubavuni, na usiwe na haraka. Jike aliyekomaa utamwona kijani ndani. Kijani cha wazi, cha choroko, na ukitulia utaanza kuona punje, moja moja, zimejipanga pande zote mbili za mwili. Hayo ndiyo mayai. Mafuta hayana rangi hiyo wala hayana punje. Ni weupe mzito tu uliotanda. Chakula kinaonekana kama donge jeusi au jekundu, kutegemea alichokula.

Najua kuna mtu atasema: mimi nawapa vidonge vya mwani, hicho kijani si ni chakula? Hoja ya haki. Jibu lake ni kwamba chakula kinasafiri. Mwangalie leo asubuhi, mwangalie kesho, mwangalie keshokutwa. Kilichokuwa mbele kitakuwa nyuma, au kitakuwa kimetoka kabisa. Mayai yanabaki palepale. Na utumbo ni njia moja, ilhali mayai unayaona pande mbili. Asubuhi tatu si nyingi kwa mnyama anayeweza kuishi nawe miaka 10 na zaidi.

Nisimulie kisa kimoja, na waliokwisha kukisikia wanivumilie. Mwenzetu mmoja alikuwa na jike wa Kuhli, mkubwa, mwenye afya. Akaambiwa na watu kwamba samaki wake amenenepa kupita kiasi, akamtenga kwenye chombo peke yake na kumfungisha bila chakula wiki mbili nzima. Alipomleta kwangu, mgongo ulikuwa umebonyea pande zote mbili za uti, kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, macho yametokeza. Na tumbo? Tumbo lilikuwa palepale, mviringo, limejaa. Nikammulika, kijani kitupu. Yule jike alikuwa anajila mwenyewe, nyama ya mgongo inakwisha huku mayai yamekaa. Mwenye samaki akaniambia, lakini mbona tumbo halikupungua? Ndipo nilipomwonyesha mgongo. Nyinyi pia nawaomba, mkifungisha samaki kwa sababu yoyote, macho yenu yawe mgongoni, maana njaa ya samaki huandikwa mgongoni kabla ya tumboni. Siku moja au mbili bila chakula hazimdhuru lochi mzima, na kama tumbo ni la chakula litashuka ndani ya siku hizo. Likikataa kushuka, kuendelea kumnyima ni ukatili usio na faida.

Hapo huwa nakatizwa: haiwezekani awe na mayai, mimi nina mmoja tu, hana dume. Jamani! Jike halihitaji dume ili kutengeneza mayai. Akipata joto, chakula kizuri na umri, mayai yanakuja. Dume anahitajika kuyarutubisha yakishatoka. Jike asipopata nafasi ya kutaga anaweza kukaa nayo muda mrefu, na mengine mwili wake utayafyonza. Kwa hiyo tumbo linaweza kupanda na kushuka hata katika tangi lenye samaki mmoja, na hakuna ugonjwa hapo.

Na dume utamjua kwa mapezi ya kifuani, yale mawili ya nyuma ya kichwa. Ya dume ni makubwa zaidi, na mwiba wa pili wa pezi ni mnene, unauona kwa juu. Ya jike ni madogo, mepesi. Kama samaki wako ana mapezi ya dume na tumbo kubwa, habari ya mayai imekwisha, tafuta sababu nyingine. Na lochi wa sentimita 4 aliyetoka dukani juzi bado ni mtoto. Mkubwa hufika sentimita 8 hadi 10.

Sasa naona muda unanikimbia. Lochi wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, Chromobotia macracanthus wa Sumatra na Borneo, hana ngozi ya kumulika namna hiyo. Lakini huyo hukua hadi sentimita 20 au 30, na kutaga kwenye tangi la nyumbani ni jambo adimu mno. Wanaomzalisha kibiashara humchoma sindano za homoni. Kwa hiyo ukiona wako wa sentimita 10 ana tumbo la mviringo, punguza chakula, basi. Lochi wa hali ya hewa, Misgurnus, yule anayehangaika mvua ikikaribia, mtazame mapezi ya kifuani tu: dume ana marefu yenye ncha, jike ana mafupi ya mviringo.

La ugonjwa nalisema haraka ingawa linastahili siku yake. Kwa samaki wengi tumbo la maji hujulikana kwa magamba kusimama. Kwa Kuhli usisubiri ishara hiyo, magamba yake ni madogo mno kuonekana. Angalia kama uvimbe uko upande mmoja, kama ameacha kula, kama amelala wazi mchana wakati wenzake wamejificha. Dalili hizo ndizo za kukutia wasiwasi, na hata hapo dawa isitiwe kwa kukisia, kwa sababu lochi hawastahimili dozi kali, hasa dawa zenye shaba.

Na ninyi wa nyanda za juu, Nairobi, Arusha, Mbeya, mwezi wa 7 pimeni joto la maji kabla ya kulaumu chakula. Samaki huyu anataka nyuzi 24 hadi 28. Maji yakishuka, tumbo lake linasaga polepole, chakula cha jana kinakutana na cha leo, na mnaniletea picha mkisema ana mayai. Wekeni hita.

Kuhusu kumtagisha, maji laini, mimea inayoelea, na namna ya kuyaokoa mayai yasiliwe na wazazi wake, sitafika leo. Mliokuja na picha, njooni nazo mbele, tuanze na zile zilizopigwa kutoka juu.