Kiti cha Babu, Benchi la Mjukuu

Ndugu wasikilizaji, mlionisikia siku za nyuma mnajua kwamba jambo hili, kwamba kiti cha uprofesa si urithi wa mtoto wa profesa, nimelisema mara nyingi, nami nitaendelea kulisema maadamu kiti hicho kinarithishwa kama shamba. Ukoo wa Monro wa Edinburgh, Uskoti, ulitoa watu watatu, baba, mwana na mjukuu, wote wakiitwa Alexander, walioshika uprofesa wa anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili, katika chuo kikuu kimoja tangu 1720 hadi 1846.

Wa kwanza alistahili. Baba yake, aliyekuwa mpasuaji wa jeshi, alimpeleka Leiden, Uholanzi, kusoma kwa Boerhaave, mwalimu mashuhuri wa udaktari, naye alirudi na elimu ya kweli. Wa pili alishirikishwa kiti cha baba yake mwaka 1754, akiwa na miaka 21, na kipaji alikuwa nacho: tundu la Monro, ile njia nyembamba inayounganisha vyumba vya ndani ya ubongo, limepewa jina lake. Basi watu wakaamini kwamba kipaji kimo katika damu, na wa tatu akapokelewa.

Inasimuliwa kwamba huyo wa tatu aliwasomea wanafunzi madaftari ya babu yake bila kubadili neno, hata pale babu alipotaja siku zake za uanafunzi huko Leiden, karne moja nyuma. Sasa mtazameni mmoja wa waliomsikiliza mwaka 1825: kijana wa miaka 16, Charles Darwin, aliyekuja kuwa mwanasayansi mashuhuri wa mageuzi ya viumbe. Naye alikuwa mjukuu wa ukumbi ule, kwa kuwa babu yake Erasmus na baba yake Robert walisomea udaktari Edinburgh, na ami yake, ambaye yeye alipewa jina lake, alifariki huko mwaka 1778 akiwa mwanafunzi wa udaktari. Wajukuu wawili wa chuo kimoja na kazi moja walikuwa wakitazamana, mmoja jukwaani na mmoja kwenye benchi, na wa benchi aliandika uzeeni kwamba mihadhara ya anatomia ilichosha kama mwalimu mwenyewe alivyochosha.

Najua kuna atakayesema kwamba Darwin hakuwa na moyo wa udaktari, kwani alikimbia chumba cha upasuaji mtoto alipokuwa akipasuliwa, zama ambazo dawa ya usingizi haikuwapo. Hilo ni kweli. Lakini Darwin huyohuyo alijuta maisha yake yote kwamba hakuna aliyemhimiza kujizoeza kupasua maiti, kwa maana kinyaa kingemtoka upesi na ujuzi ule ungemfaa sana katika utafiti wake. Kinyaa cha kijana ni kazi ya mwalimu kukiondoa, na mwalimu hakuifanya.

Kuhusu upasuaji nitasema kwa ufupi, maana muda unakwisha. Monro wa pili, ambaye hakuwa mpasuaji, alipinga kuanzishwa kwa kiti cha peke yake cha upasuaji, na mwaka 1777 fani hiyo ikaongezwa kwenye cheo chake. Wanafunzi wenye kiu walikwenda kwa walimu wa nje ya chuo, akina John Barclay na baadaye Robert Knox.

Simzuii mtoto wa profesa kuipenda kazi ya baba yake wala shule ya baba yake. Ninachodai ni kwamba aombe kama wengine, afundishe somo zima mbele ya wanafunzi wasiojua jina lake, na wanafunzi hao waulizwe walichojifunza kabla kikao cha uteuzi hakijafunguliwa.