Jinsi ya Kuchagua Draiva za Bei Nafuu za Stepa Mota kwa CNC ya Nyumbani

Karibu sana mtazamaji. Leo tunachagua draiva, yaani bodi zinazolisha umeme mota za CNC, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Kwenye meza hii tuna mota mbili, draiva tano na saplai moja ya volti 36. Tutaanza na mota, twende kwenye draiva, kisha tufunge waya na kupima. Ukifuata mpangilio huu utajua mwenyewe kwa nini draiva iliyoandikwa 4A inaweza kuzidiwa na joto kwenye mota ya 2.8A.

Hatua ya kwanza: geuza mota, soma kibandiko chake. Usinunue draiva kabla hujaijua mota. Hii ndogo ni NEMA 17, yaani jina la saizi yake, uso wake una mm 42. Hii kubwa ni NEMA 23, uso wake mm 57. Zote mbili zinapiga nyuzi 1.8 kwa hatua, yaani hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Namba unazozitafuta ni mbili tu: ampea kwa kila koili, na induktansi, yaani jinsi koili inavyozuia umeme kupanda haraka, kwa milihenri. Ndogo yetu ni 1.7A. Kubwa ni 2.8A, milihenri 2.5, na ukinzani wa koili ni omu 0.9.

Kuna namba moja inayowachanganya wengi, nayo ni volti. Kwenye mota yetu kubwa utakuta imeandikwa karibu volti 2.5. Hiyo ni ampea mara omu, basi: 2.8 mara 0.9. Haina maana kwamba ukiilisha volti 36 itaungua. Draiva hufungua na kufunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili ampea zisizidi kiwango ulichopanga. Volti kubwa inasaidia umeme ujae haraka ndani ya koili, na ndipo mota inapobaki na nguvu ikizunguka kasi. Ukiiendesha NEMA 23 kwa volti 12 itashika vizuri ikiwa imesimama, lakini ukiiambia ikimbie itakwama na kulia.

Volti kiasi gani basi? Mariss Freimanis, mwanzilishi wa Geckodrive, alitoa kanuni ambayo mafundi wa CNC wanaitumia mpaka leo: chukua kipeuo cha pili cha milihenri, zidisha kwa 32. Kwa milihenri 2.5 unapata kama volti 50. Huo ni ukomo wa juu, ukiupita mota inachemka bila faida. Nusu yake na kuendelea inatosha kwa kazi ya mbao, ndiyo maana tumechagua 36.

Kama kibandiko kimefutika, tafuta kwanza jozi za waya. Zungusha ekseli kwa vidole: inakwenda laini. Sasa gusanisha ncha za waya mbili, uzungushe tena. Ikiwa nzito na yenye kukwaruza, hizo mbili ni za koili moja. Ikibaki laini, badilisha mmoja. Usiamini rangi, kila kiwanda kina rangi zake.

Hatua ya pili: draiva zenyewe. Tunaanza na hizi ndogo za kuchomeka, ambazo hukaa juu ya CNC Shield, bodi ya kushikilia draiva, inayochomekwa kwenye Arduino Uno, kompyuta ndogo inayotoa amri.

A4988 hii inapokea volti 8 hadi 35. Karatasi yake inasema 2A, lakini bila kipoza joto hesabu 1A tu. Ukibandika kipoza joto na kuweka feni, 1.2A inakwenda siku nzima. DRV8825 inafika volti 45, na bila kipoza joto inabeba kama 1.5A. TMC2209 ni tulivu mno, mota haisikiki kabisa, ila mwisho wake ni volti 29. Ukiichomeka kwenye saplai ya 36 imekufa papo hapo. Tena katika hali yake ya ukimya nguvu hupungua kasi ikipanda, kwa hiyo ni nzuri zaidi kwenye printa ya 3D au mashine ya leza kuliko kwenye rauta inayosukuma kisu ndani ya mti mgumu.

Hizi tatu ni za NEMA 17. Usizifunge kwenye NEMA 23 ya 2.8A hata kama kibanda cha muuzaji kina bango linalosema inawezekana.

Sasa zile za boksi. Hii ni TB6600, ndiyo ya bei ya chini katika kundi lake. Ubavuni imeandikwa volti 9 hadi 42, na 4A. Sogeza kamera karibu na jedwali hili. Mstari wa mwisho unasema 3.5, na pembeni yake 4.0 ya kilele. Hapa ndipo pa kuangalia. Umeme unaoingia kwenye mota hupanda na kushuka kama wimbi, na ampea halisi za kazi, zile za RMS, ni kilele ukigawa kwa 1.41. Gawa 4.0 kwa 1.41: unapata 2.8, si 3.5. Sasa tazama draiva ya pili, DM542. Mstari wake wa mwisho unasema kilele 4.20, RMS 3.00. Gawa: inakubali. Jedwali la DM542 linasema kweli, la TB6600 limepakwa rangi.

Kuna jingine. Boksi dogo jembamba linalouzwa kwa jina la TB6600 mara nyingi ndani yake hakuna chipu ya TB6600 ya Toshiba, bali TB67S109A, ndogo zaidi. Si chipu mbaya, ila ukiipeleka kwenye 4.0 ya kilele iko ukingoni kabisa, na boksi lake dogo halitoi joto la kutosha. Joto likizidi inajizima, mhimili mmoja unasimama katikati ya kazi huku mingine ikiendelea, na ubao umeharibika.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Mota ya 2A au chini: TB6600 inafaa, weka volti 24, acha nafasi ya hewa. Mota ya 2.8A au 3A: ongeza pesa kidogo uchukue DM542, hata kama ni nakala. Pesa hiyo inarudi kwenye ubao wa kwanza usioharibika. TB6560, zile bodi za mihimili mitatu kwa pamoja, ziache dukani. Chipu yake inataka umeme wa mantiki uwashwe kabla ya umeme wa mota. Ukikosea mpangilio, au umeme ukikatika na kurudi vibaya, inaungua.

Hatua ya tatu: saplai. DM542 imeandikwa volti 20 hadi 50, na utashawishika kuweka 48. Usiweke. Mhimili mzito unapofunga breki ghafla, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye saplai, volti zinapanda juu ya 50. Weka 36. Kwa ampea, jumlisha za mota zote kisha chukua theluthi mbili. Mashine yenye mota nne za 2.8A: 11.2, theluthi mbili yake ni kama 7.5A. Saplai ya 36V yenye wati 350 inatoa karibu 10A, inatosha. Kabla hujaichomeka ukutani, tazama ubavuni kuna swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230. Kwa umeme wa Tanzania au Kenya lazima iwe 230. Ikiwa 115, kapasita zitapasuka kwa mlio mkubwa.

Hatua ya nne: kupanga ampea. Kwenye DM542 ni swichi za 1 hadi 3. Mota yetu ni 2.8A, basi anza na mstari wa RMS 2.36, kilele 3.31. Mashine ikipoteza hatua, panda hadi 2.69. Swichi ya 4 iache OFF ili draiva ipunguze umeme kwa nusu mota ikisimama. Badilisha swichi umeme ukiwa umezimwa.

Kwenye A4988 unapanga kwa skrubu ndogo na maltimita. Angalia kwanza vipande viwili vyeusi karibu na chipu. Vimeandikwa R100, R068 au R050, yaani omu 0.1, 0.068 au 0.05. Hivyo ni vipinga vya kupimia, na ndivyo vinavyoamua hesabu: volti ya kupima ni 8, mara kipinga, mara ampea unazotaka. Kwa 1A na R100, ni volti 0.8. Kwa 1A na R050, ni volti 0.4 tu. Fundi anayenakili 0.8 kwenye bodi ya R050 anaipa mota 2A bila kujua, kisha anasema draiva ni mbovu. Kwa DRV8825 yenye R100, volti ya kupima ni nusu ya ampea. Waya mweusi wa maltimita weka GND, mwekundu gusa kichwa cha skrubu chenyewe.

Na ukichomeka, linganisha pini iliyoandikwa EN kwenye draiva na ile ya EN kwenye CNC Shield. Usifuate skrubu iko upande gani, kwa sababu kwenye DRV8825 skrubu iko upande wa pili wa ile ya A4988. Ukigeuza, moshi.

Hatua ya tano: waya. Koili moja kwenye A+ na A-, nyingine kwenye B+ na B-. Upande wa amri, PUL ni palsi za kusogeza mota, DIR ni mwelekeo na ENA ni ya kuwasha au kuzima draiva: PUL+ na DIR+ zinakwenda kwenye pini za Arduino, PUL- na DIR- kwenye GND. ENA usiifunge, bila waya draiva iko tayari kufanya kazi. Waya za mota zipitishe mbali na za rauta. Na hili ulishike: usichomoe waya wa mota umeme ukiwa umewashwa. Koili ikikatwa ghafla inarusha volti kubwa kwenye chipu. Ndiyo maana waya uliolegea kwenye skrubu huua draiva taratibu. Kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono kuhakikisha.

Hatua ya sita: mikrostepu, yaani kila hatua ya mota kugawanywa vipande vidogo. Wengi wanaweka kubwa kabisa wakidhani ndiyo usahihi. Piga hesabu kwanza. Skrubu yetu ya SFU1605 inasogea mm 5 kwa mzunguko. Kwa mikrostepu 8, palsi ni 1600 kwa mzunguko, gawa kwa 5, unapata 320 kwa milimita. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye $100 ya GRBL, programu inayokaa ndani ya Uno na kuendesha mihimili. Kwa kasi ya mm 3000 kwa dakika, ambayo ni mm 50 kwa sekunde, unahitaji palsi 16,000 kwa sekunde. Uno yenye GRBL inaweza, mwisho wake ni kama 30,000. Ukiweka mikrostepu 32, zinakuwa 64,000. Uno haifiki. Weka 8, au 16 ukiwa na kasi ndogo.

Sasa hitilafu mbili ambazo utakutana nazo. Mota inatetemeka bila kuzunguka: jozi za koili zimechanganyika, rudi kwenye kipimo cha vidole. Kazi inahama kidogo kidogo upande mmoja, na kadiri inavyogeuka mara nyingi ndivyo inavyozidi: hapo palsi ya kwanza inapotea kila mhimili unapobadilisha mwelekeo. DM542 inataka ishara ya DIR itangulie palsi kwa mikrosekunde 5, yaani sehemu 5 za milioni za sekunde, na GRBL kwa kawaida haisubiri hivyo. Fungua faili la config.h, ondoa alama za // mbele ya #define STEP_PULSE_DELAY, uache 10, kisha upakie GRBL upya. Mota kuwa ya moto, hata nyuzi 60, si hitilafu.

Kipimo cha mwisho. Funga penseli mahali pa kisu, weka nukta kwenye karatasi. Tuma mhimili uende mm 100 na kurudi, mara 50, kwa kasi utakayokatia. Weka nukta tena. Zikiwa mbili, punguza kwanza mchapuko kwenye $120, kisha pandisha ampea, mwisho punguza mikrostepu, kimoja kwa wakati, ukirudia kipimo kila mara. Nukta ikiangukia juu ya nukta, geukia mhimili wa Y.