Hodi Bungeni: Marafiki na Sera za Marekani

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie namna Marafiki, dhehebu la Kikristo, ndio hao waitwao Quaker, wanavyoishawishi serikali ya Marekani katika masuala ya amani na haki. Sitaanzia Washington. Nitaanzia kwenye aibu yao wenyewe, maana huko ndiko walikojifunzia kazi.

Mwaka 1688 Marafiki wachache wa Germantown, Pennsylvania, waliandika waraka wa kupinga utumwa. Vikao vikarushiana waraka huo kutoka ngazi hadi ngazi, mwishowe ukawekwa kando. Baadhi ya Marafiki walikuwa na watumwa, na nani apendaye kujihukumu? Miaka 50 baadaye, mwaka 1738, Benjamin Lay, Rafiki aliyepinga utumwa, akatinga kwenye mkutano wao wa mwaka, yaani kikao chao kikuu cha eneo, huko Burlington, New Jersey. Ndani ya joho alivaa koti la askari, na mkononi alishika kitabu kilichofichwa ndani yake kibofu chenye maji mekundu ya matunda. Akachomoa upanga, akakitoboa. Maji yakawarukia waliokaa karibu, mfano wa damu. Wakamtoa nje.

John Woolman, Rafiki mwingine mpinga utumwa, yeye alipita nyumba kwa nyumba. Alikaribishwa na Marafiki wenye watumwa, na alipoondoka aliacha fedha za kuwalipa watumwa waliomhudumia. Hebu fikirieni uso wa mwenyeji anapoona mgeni akitoa ujira kwa mtu ambaye yeye humtumikisha bure! Kuna wanaosema Woolman alifaulu na Lay akashindwa. Mimi sikubali. Bila yule wa upanga, sidhani kama huyu mpole angesikilizwa.

Kufikia 1776, mkutano wa mwaka wa Philadelphia ulikuwa umekataza waumini wake kumiliki watumwa. Baada ya kujisafisha ndipo wakapeleka maombi ya kupinga biashara ya watumwa kwa Kongresi, yaani Bunge la Marekani, mwaka 1783 na tena 1790. Mwaka huo wa 1790 wabunge wa majimbo ya kusini waligeuka mbogo, na jibu likawa kwamba Katiba hairuhusu kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Kisheria jibu lilikuwa sahihi. Lakini jambo ambalo wengi walitaka lisitajwe lilikuwa limeshajadiliwa hadharani.

Sasa twende Washington. Mwaka 1943, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto, Marafiki waliunda kamati yao ya kufuatilia sheria za taifa, E. Raymond Wilson akiwa katibu mtendaji wa kwanza. Kamati hiyo ipo hadi leo. Haichangii kampeni za mwanasiasa yeyote. Kabla ya kila Kongresi mpya, ambayo hukaa miaka miwili, mikutano ya Marafiki, yaani makusanyiko yao ya ibada, nchini kote huulizwa ni mambo gani yapewe kipaumbele.

Anayejitolea kwenda kuonana na wabunge hufundishwa kwanza: aujue muswada, aende na ombi moja, aeleze kwa nini linamgusa, kisha asikilize. Mara nyingi mbunge mwenyewe hamuoni. Hupokewa na msaidizi kijana mwenye daftari, na wapo wanaovunjika moyo hapo. Hawajui kwamba huyo kijana ndiye atakayemweleza bosi wake.

Mfano mmoja. Kamati hiyo iliunga mkono sheria ya kuzuia mauaji ya kimbari, iliyopewa jina la Elie Wiesel, mwandishi aliyenusurika mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, na iliyotiwa saini Januari 2019. Ndani yake mna kifungu kinachotaka wanadiplomasia wanaopangiwa nchi zilizo hatarini wafunzwe kutambua dalili za mauaji mapema. Sheria kama hiyo haijazi viwanja, na magazeti huipa aya mbili tatu.

Lakini historia ya Marafiki ina upande mwingine, na nisipousema nitakuwa nimewapamba. Kuanzia 1869 Rais Grant aliwakabidhi Marafiki usimamizi wa baadhi ya maeneo ya Wenyeji wa Asili wa Marekani. Wakaendesha shule za bweni zilizowatenga watoto na lugha na mila zao. Walikwenda wakiamini wanasaidia. Kwa watumwa walichukua karibu miaka 100 kujihoji kabla ya kuiendea serikali. Hapa serikali iliwaita, wakaitika bila kuwauliza wazazi. Leo kamati ileile inaitaka Kongresi iunde tume ya kuchunguza shule hizo, zikiwemo zilizoendeshwa na Marafiki.