Ufunguo wa Kabati Uko kwa Nani?

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliorundikana huko nyuma kana kwamba viti vya mbele vina kunguni, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kushirikishana tafiti na data baina ya fani. Mada ya namna hii humlaza mtu hata kabla chai haijaletwa, kwa hiyo nitaanzia Kilwa.

Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya mji huo, inasimulia kwamba alikuja mtu kutoka Shirazi, Ali bin al-Hasan. Waliondoka na vyombo saba, baba na wanawe sita, na kila chombo kikatia nanga pahala pake. Aliyefika Kilwa akakinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kukizunguka kisiwa chote. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi yangu hizo zingekuwa doti ngapi. Akaniambia niende nikachote maji.

Je, ni kweli? Hapo ndipo penye mhadhara wangu, maana swali hili moja limegawiwa watu watano wasiojuana. Maandishi ya Kiarabu ya tarehe hiyo yamo maktabani London, nakala iliyotoka Zanzibar wakati wa Seyyid Barghash ikapitia mikononi mwa balozi wa Uingereza, John Kirk. Muhtasari wake kwa Kireno aliuchapisha mwanahistoria João de Barros mwaka 1552. Sarafu ziko kwenye makumbusho. Mifupa iko kwa wanaakiolojia, vinasaba vyake viko maabara. Na maneno tunayo sisi wanaisimu. Kila mtu na kabati lake, kila kabati na kufuli lake.

Nianze kwa kukiri. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba Washirazi ni hadithi tu, watu wakijitafutia ukoo wa heshima. Hoja yangu ilikuwa ya lugha. Kiswahili ni Kibantu tangu mizizi: ndugu zake wa tumbo moja ni Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Maji, moto, nyumba, kula, kulala, vyote vya nyumbani. Kiajemi kimetuachia vijineno vya bandarini, na hata neno bandari lenyewe ni mojawapo, pamoja na nahodha na pamba. Nikawa nasema maneno husafiri bila watu, na kesi nikaifunga.

Machi 2023 yakatoka matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, kama Manda, Faza, Mtwapa, Songo Mnara na Kilwa, pamoja na mji mmoja wa bara, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia ambaye wengi hapa mmesoma maandishi yake, na mwanajenetiki David Reich wa Harvard. Wengi wa watu wale wa miji ya pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ni vya Kiafrika, na hivyo vimepitia zaidi kwa wanawake. Sehemu kubwa ya vilivyobaki ni vya Asia, na katika hivyo vya Asia, asilimia 80 hadi 90 vimetoka kwa wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Uarabuni kunaanza kuonekana kwa wingi baadaye, baada ya mwaka 1500 hivi.

Niliisoma makala ile mara tatu usiku mmoja. Sikuudhika kwa kuwa nimekosea. Niliudhika kwa sababu ushahidi wangu wa lugha haukukosea hata kidogo, nilikosea kuusoma. Baba ametoka Shirazi, mama ni wa hapa. Mtoto analelewa na nani? Anajifunza kusema mapajani mwa nani? Ndiyo maana neno la bandarini ni la baba na neno la jikoni ni la mama. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka thelathini, ila nilikuwa natazama kabati moja.

Wenzetu wa jenetiki nao wasishangilie mapema. Makala ilipotoka, yalitokea magazeti yaliyoandika kana kwamba sasa imethibitika kuwa Waswahili ni Waajemi. Chukua lile jedwali la matokeo peke yake na utaona kwa nini. Kuna namba ya mtu, mji, karne, asilimia. Mwanaakiolojia aliyesimama pale kaburini anajua jambo lisilo kwenye asilimia: makaburi mengi yaliyotoa mifupa ile ni ya mawe, karibu na msikiti. Hao ni watu wenye uwezo. Mvuvi aliyekaa kwenye nyumba ya udongo nje ya mji hayumo, au yumo kwa nadra. Kwa hiyo jedwali linasema kweli kuhusu wenye makaburi ya mawe, na lisipoandamana na maelezo ya kaburi, mtu wa mbali atalisoma kama sensa.

Kuweka data wazi si kupakia faili halafu ukalala. Mwaka jana mwanaakiolojia mmoja rafiki yangu alinitumia jedwali lake kwa moyo mkunjufu. Safuwima ya kwanza imeandikwa “TB”, ya pili “K/2”, ya tatu ina alama ya vema au haina. Nikampigia simu. TB ni tabaka, sawa. K/2? Akafikiri, akacheka, akasema hakumbuki, labda kipande cha pili cha mfereji. Faili lilikuwa wazi kwa dunia nzima, na mwenyewe ameshasahau ufunguo.

Na sarafu! Hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu nazipenda. Sarafu za kale za masultani wa Kilwa hazina tarehe. Ni vipande vidogo vya shaba, kikiwa kiganjani utadhani gamba la samaki. Lakini zina vina. Upande mmoja jina la mtawala, Ali bin al-Hasan. Ukigeuza, maneno ya kumtegemea Mola mwenye fadhila, yakiishia “al-minan”. Hasan, minan. Watu walioweka kina kwenye pesa! Mtu wa fasihi akiziona anaruka, mtu wa uchumi anazipima uzito tu.

Kwa kuwa hazina tarehe, ubishi ukawa mkubwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa hasa miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Halafu mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimiya, watawala wa Kiislamu wa Misri, ambazo tarehe zinazo. Dinari hizo zikamvuta Ali bin al-Hasan nyuma hadi karne ya 11. Sasa weka hilo kando ya vinasaba vinavyosema karibu mwaka 1000. Hakuna aliyeyapanga yaelekeane.

Fani nyingine zilishavuka mto huu zamani. Wanafizikia wanaweka makala zao hadharani kwenye arXiv, ghala la makala la mtandaoni, tangu Agosti 1991, kabla ya jarida lolote kuzipitisha. Wanajenetiki walikutana Bermuda mwaka 1996 wakakubaliana kwamba mfuatano wa vinasaba vya binadamu utolewe ndani ya saa 24 baada ya kusomwa maabara. Saa 24! Sisi wa historia na lugha mtu anakalia daftari hadi astaafu, kisha mjukuu anafungia maandazi. UNESCO nayo ilipitisha pendekezo la sayansi huria Novemba 2021, na nchi zetu zimo. Karatasi tunazo.

Na mimi simo nje. Mwaka 1996 nilizunguka Pemba na redio kaseti nikirekodi wavuvi wazee: majina ya pepo, ya samaki, ya sehemu za ngalawa. Kanda 31. Nikazikabidhi ofisi fulani, zikatiwa kabatini, nikapewa risiti. Miaka tisa baadaye naenda kuzitaka, mtunzaji amestaafu na ufunguo haujulikani uliko. Kabati lilikuja kuvunjwa na fundi. Ndani, ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Zilizopona ni 14.

Nikaziandika hizo 14, nikaweka orodha ya maneno mtandaoni na maelezo ya nani alisema nini na wapi. Nilitegemea wanaisimu wanitafute. Aliyenitafuta ni binti mmoja wa bayolojia ya bahari. Katika kanda moja mzee anasema zamani walikuwa wakivua “chewa wa kuingia mtu mdomoni”. Mimi nilikuwa nimeiandika chini ya tamathali, mfano mzuri wa chuku. Yeye aliitazama kama kipimo. Akataka kujua mzee alivua mwamba gani, kina cha pima ngapi, mwaka gani. Nikarudi kwenye kanda: mzee alitaja vyote vitatu, ila mimi sikuviandika, kwa sababu havikuwa isimu.

Sasa najua swali linalokuja, kwa sababu naliona usoni pa mama aliyekaa pale dirishani. Tukifungua kila kitu, si watachukua? Hofu hiyo ina historia. Mwaka 2007 Indonesia ilisimamisha kupeleka sampuli za homa ya ndege nje, ikisema virusi vinatoka kwao, chanjo zinatengenezwa kwingine, kisha wao wanauziwa kwa bei wasiyoiweza. Walilaumiwa sana, lakini mazungumzo yaliyofuata yalizaa utaratibu wa kimataifa wa mwaka 2011 kuhusu mgawanyo wa faida. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitangazia dunia aina mpya ya korona, Omicron, na shukrani waliyopata ni kufungiwa ndege. Asiyeona uchungu wa jambo hilo asituhubirie uwazi.

Lakini tazama pia Lamu. Miswada ya kale ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha, na picha hizo anaweza kuzisoma mtu yeyote kupitia British Library. Miswada yenyewe imebaki Lamu, msikitini. Zamani kabati zima lilipakiwa melini.

Na yapo yasiyofunguliwa. Katika zile kanda 14, mbili zina mzee anayetaja mizizi ya dawa. Alipomaliza alinishika mkono akasema, haya ni ya ukoo, mwanangu, wewe sikiliza tu. Hizo sikuziweka mtandaoni, na ukinifuata nje baada ya hapa sitakupa.

Kumi na mbili zilizobaki ziko kwenye flashi, hapo mezani kwa mwenyekiti, pamoja na karatasi moja inayoeleza kila kifupisho. Mwenye kompyuta anakili sasa hivi. Ila kanda ya sita mniwie radhi, kuna jogoo anawika mwanzo hadi mwisho.