Linux Inapokawia Kuzimika: Nani Anasubiriwa?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Hali hii mnaijua. Umemaliza kazi, umebofya kuzima, dakika nzima imepita na skrini bado ina nembo tu. Mkono unaanza kuelekea kwenye kitufe cha umeme. Nawaomba sana, uzuieni. Huenda inayosubiriwa ni hifadhidata inayomalizia kuandika kazi yako kwenye diski.

Bonyeza Esc. Mara nyingi nembo itaondoka uone maandishi: “A stop job is running for”, kisha jina, kisha saa inayohesabu kuelekea 1min 30s. Jina hilo liandike mahali.

Matoleo ya Linux kama Debian, Ubuntu na Fedora yote hutumia systemd, programu inayowasha na kuzima huduma, yaani programu zinazofanya kazi chinichini. Yenyewe hutuma kwanza SIGTERM, yaani huiomba kila huduma imalize ilichoshika itoke. Kwa kawaida huisubiri sekunde 90. Zikiisha, hutuma SIGKILL, na hiyo huua papo hapo.

Kama jina limekupita, washa tena, fungua terminal uandike journalctl -b -1 -e. Utasoma mwisho wa logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine, za mara iliyopita. Tafuta “timed out”. Ukiambiwa hakuna logi za nyuma, tengeneza folda /var/log/journal, zima na kuwasha, kisha subiri tatizo lijirudie.

Mashine yangu ya mezani ilinisumbua wiki mbili. Jina lililojitokeza lilikuwa la folda ya pamoja iliyoko kwenye seva. Kumbe Wi-Fi niliiweka iwe ya akaunti yangu peke yangu: nikizima, akaunti inafungwa, Wi-Fi inakatika, na folda inabaki ikiita seva isiyofikika. Niliruhusu watumiaji wote kwenye mipangilio ya muunganisho huo, na kusubiri kukaisha siku hiyohiyo.

Wengi watakushauri upunguze DefaultTimeoutStopSec, yaani muda wa kusubiri wa huduma zote, kwenye faili /etc/systemd/system.conf. Fedora 38 ya mwaka 2023 nayo ilishusha muda hadi sekunde 45. Mimi kwenye mashine yenye hifadhidata siligusi. Ukishamjua mkorofi, mpunguzie yeye peke yake: systemctl edit, jina la huduma, kisha TimeoutStopSec chini ya [Service].

Na kama umetoka kunakili video kubwa kwenye flashi, kuchelewa huko ni halali: sehemu ya faili bado iko kwenye RAM, inateremshwa. Andika sync kabla ya kuzima, na usiichomoe flashi mpaka amri irudi.