Kuifungua safari: siku tatu za mwisho kusini mwa Afrika

ZUHURA: Karibuni tena. Kwa Kiswahili mtu hufunga safari siku anayoondoka. Ya kuifungua hatuna neno lake, na labda ndiyo maana watu huikoroga mwishoni. Leo, kaka Mwita, tuna kundi la watu wanane, magari mawili yenye hema juu, yamekodiwa Windhoek. Wamepita Etosha, wako Katima Mulilo, mbele yao Kasane ya Botswana, kisha Livingstone ya Zambia, kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria. Waanzie wapi?

MWITA: Hesabu, dada Zuhura. Tena wasingoje usiku wa mwisho. Usiku huo kuna mwenye ndege ya alfajiri, kuna aliyekwisha kulala, na mweka hazina amebaki na mfuko wa risiti zilizofutika wino. Wafanye hapo hapo Katima, wakiwa bado Namibia.

ZUHURA: Mbona Katima?

MWITA: Kwa sababu ya noti zenyewe. Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi ya Afrika Kusini, moja kwa moja, na ndani ya Namibia unalipa kwa yoyote kati ya hizo mbili. Ukishatoka, randi utaibadilisha bila shida, ila dola ya Namibia wengi hawaitaki, hata dukani Johannesburg. Basi noti za Namibia ziishie kwenye matangi ya mafuta. Chenji, omba randi.

ZUHURA: Na wawili wakiwa wameondoka kabla ya wenzao? Hapo ndipo urafiki huvunjika.

MWITA: Chakula kigawanywe kwa usiku. Tuseme safari ni usiku 12, wawili wamekaa 9 tu. Sita mara 12 ni 72, wawili mara 9 ni 18, jumla 90. Kama chakula kimegharimu 18,000, kila usiku wa mtu mmoja ni 200. Waliomaliza wanalipa 2,400, walioondoka 1,800. Kodi ya gari usiigawe hivyo. Gari lilikodiwa kwa siku zote 12 kwa sababu watu wanane walikubali, na mtu mmoja akishuka, mwenye gari hapunguzi bei.

ZUHURA: Mafuta je?

MWITA: Mafuta nayo ni ya wote, maana gari halinywi kidogo kwa kuwa kiti kimoja kiko wazi. Mimi ningelisema hilo kabla ya kuondoka nyumbani. Halafu aliyelipa kwa kadi asidai kwa kiwango alichokiona kwenye simu. Benki huweka kiasi cha muda kwanza, siku chache baadaye ndipo kiasi halisi hutokea. Lipeni cha pili.

ZUHURA: Tuvuke. Katima kwenda Kasane, mpaka ni Ngoma.

MWITA: Hapo friji hufunguliwa. Botswana inalinda ng'ombe wake dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo nyama mbichi huchukuliwa, na huenda ukaambiwa ukanyage dawa kwa viatu vyote, hata vile vya ndani ya begi. Nyama iliyobaki ichomwe jana yake.

ZUHURA: Halafu daraja la Kazungula, la kutoka Botswana kwenda Zambia.

MWITA: Mita 923, lilifunguliwa 2021, limepinda makusudi lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Kabla yake ilikuwa kivuko, na malori yalipanga foleni siku kadhaa. Upande wa Zambia gari lina malipo yake, kuna kodi ya kaboni, ushuru wa halmashauri, bima. Uwe na kwacha taslimu, na barua ya mwenye gari inayoruhusu kuvuka. Bila barua, unageuzwa.

ZUHURA: Gari lenyewe linarudishwaje?

MWITA: Lioshwe kwanza, kisha piga picha, jua likiwa chini, maana mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mikwaruzo. Kioo cha mbele, ukuta wa ndani wa kila tairi, na spea. Barabara za changarawe za Namibia hukata tairi ubavuni, na bima nyingi za gari la kukodi hazigusi tairi, kioo wala chini ya gari. Kama upepo wa tairi ulipunguzwa kwa ajili ya mchanga, ungejazwa zamani, kabla ya lami. Tairi lenye upepo mdogo likienda kasi hupata moto na kupasuka.

ZUHURA: Na hema? Mwezi wa nne Mosi-oa-Tunya inamwaga mvuke kama mvua.

MWITA: Likikunjwa na maji, linaota ukungu. Lifunguliwe juani kwa muda wa saa mbili, godoro lisimamishwe.

ZUHURA: Sasa vidonge vya malaria. Wanaorudi London au Muscat huviacha wakishafunga mkanda wa ndege.

MWITA: Na hapo ndipo wanapougua. Ukanda wote huo, Katima, Kasane, Livingstone, una malaria. Kimelea kikiingia hukaa kwanza kwenye ini, wiki moja au zaidi, ndipo kitoke kwenye damu. Kidonge cha doksisaiklini hukiua kwenye damu, kwa hiyo unaendelea wiki 4 baada ya kutoka eneo hilo. Kidonge chenye atovakwoni na proguanili pamoja hukiwahi hukohuko kwenye ini, ndiyo maana siku 7 zinatosha. Homa ikikupata hata miezi miwili baadaye, mwambie daktari ulikotoka, upimwe siku hiyohiyo.

ZUHURA: Wanaorudi Dar au Nairobi?

MWITA: Wao waangalie mifuko ya plastiki. Kinyago ulichofungiwa sokoni Livingstone, kihamishie kwenye kikapu au nguo. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo 2017, Tanzania 2019, na uwanjani utaambiwa uiache.

ZUHURA: Kinyago chenyewe?

MWITA: Kigonge juu ya karatasi nyeupe kabla ya kulipa. Ukidondoka unga laini, mna mdudu ndani. Mrudishie fundi.