Kuvua Kwenye Kina Kifupi Msimu wa Joto: Pima Maji Kabla ya Kutupa Ndoana

Ndugu wavuvi, karibuni. Wengi wetu tunapima joto la maji kwa mguu, na mguu hauaminiki. Aliyesimama juani saa nzima akikanyaga maji ya nyuzi 30 atayaona yamepoa, kumbe samaki walishahama.

Maji ya bahari yenye nyuzi 20 za Selsiasi hubeba oksijeni takriban miligramu 7.4 kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi kama 6.2. Wakati huohuo mwili wa samaki unafuata joto la maji, na likipanda nyuzi 10, samaki wengi huhitaji oksijeni karibu mara mbili. Ndiyo maana joto la wastani humtia samaki njaa, lakini likizidi anaacha kula na kutafuta kina, kivuli au mkondo.

Sasa tazameni maji yanayofika gotini. Kilele cha joto lake si adhuhuri; ni alasiri, kati ya saa nane na saa kumi. Tope jeusi hunyonya jua zaidi ya mchanga mweupe. Lakini anayeangalia jua peke yake, asiangalie kupwa na kujaa, bado hajajua kitu. Maji yakipwa mchana, mchanga unabaki wazi na kuungua. Yakianza kujaa, ulimi wa kwanza unaotambaa juu ya mchanga huo unapata moto kabisa. Hapo msipoteze chambo. Subirini maji yafike gotini, kwa sababu nyuma ya ulimi ule yanakuja maji yaliyopoa kutoka mkondoni, na kolekole na changu huingia nayo.

Maji yakitoka alasiri, mambo hugeuka. Yale ya moto yanateremka kupitia mlango wa mkondo, na samaki hujipanga upande wa kina, pale maji mawili yanapokutana. Simameni juu ya ukingo, tupeni chini, na muongeze chubwi ili chambo kifike kwenye tabaka la chini. Kikielea juu kitapita kwenye maji ya moto bila kuguswa.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Funga kipimajoto kwenye uzi wenye chubwi ndogo, kishushe mbele yako mahali ambapo hujavuruga tope, ukiache dakika 2, kisha ukisome haraka kabla jua halijakipandisha. Pima sehemu tatu: juu ya tambarare, ukingoni, na ndani ya mkondo karibu na chini. Tofauti ya nyuzi 2 inatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Alfajiri ina sifa kubwa, na mara nyingi inastahili, kwa kuwa maji yamepoa usiku kucha. Ila mahali penye majani mengi ya bahari na maji yaliyotulia, muwe waangalifu. Usiku majani hayatengenezi oksijeni, yanaitumia, pamoja na kila kiumbe kilichomo, hivyo kiwango cha chini kabisa hufika karibu na mapambazuko. Samaki wapo, lakini wazito. Hapo afadhali kungoja saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza, au kuhamia penye mkondo na upepo unaovuruga uso wa maji.

Kwa wanaoachilia samaki: maji ya moto hayasamehe. Tumieni mshipi mnene kidogo ili pambano liishe upesi, mtoeni ndoana akiwa bado majini, na mkimshika, mikono iwe imelowa. Samaki aliyehangaishwa sana anaweza kuondoka akiogelea vizuri, akafa baadaye.

Na ndoo ya chambo hai. Kosa kubwa ni kumwaga barafu ya maji ya bomba ndani yake: chumvi inapungua, na klorini ikiwemo huumiza chambo. Gandisheni chupa ya maji iliyofungwa vizuri, muielee humo kwa muda mfupi mfupi, ndoo ikae kivulini na maji yabadilishwe kidogo kidogo. Joto likishuka ghafla, chambo kinakufa vilevile. Kamba wakianza kulala ubavu, wamekosa oksijeni: punguzeni idadi yao kabla ya kuongeza ubaridi.